Jinsi ya Kupanga Mwendo na Kupona kwa Mnyama Aliyejeruhiwa Katika Mchezo wa Uwindaji

Katika Minecraft, mchezo maarufu wa kompyuta, ng'ombe akipigwa hukimbia huku na huku kwa sekunde chache, kisha hurudi kuzurura kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa mchezo ule jambo hilo halina ubaya. Katika mchezo wa kuwinda ili kuishi, hata hivyo, sehemu nzito ya uwindaji huanza pale mshale unapompata mnyama bila kumwangusha, na mchezaji akalazimika kuamua kama amfuate sasa hivi, asubiri, au amwache aende zake. Uamuzi huo unakuwa na uzito iwapo tu mnyama mwenyewe ana mwili unaoumia mahali fulani, unaochoka, na unaoweza kupona.

Mwongozo huu umekusudiwa kwa wanaotengeneza michezo ya aina hiyo, iwe kwa Godot, ambayo ni injini (programu ya kutengenezea michezo) isiyo na malipo na yenye msimbo ulio wazi, au kwa injini nyingine yoyote. Mfano nitakaoutumia ni swala pala dume mwenye kilo 55, katika nyika inayozunguka Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, ambako Wahadzabe wanawinda kwa upinde hadi leo. Nimechagua upinde kwa makusudi, kwa kuwa mshale huua hasa kwa kukata na kumwaga damu, na hivyo humpa mnyama muda wa kwenda mbali, na mtengenezaji kazi ya kufikiri.

Hatua ya kwanza: andika vidonda badala ya namba ya uhai

Kosa linalozaa makosa mengine yote ni kumpa mnyama namba moja ya uhai, tuseme 100, na kuipunguza kila anapopigwa. Namba hiyo haijui kama mshale umeingia pajani au kwenye pafu, kwa hiyo haiwezi kumwelekeza mnyama achechemee mguu upi, wala kumwonyesha mchezaji damu aliyoiona kwenye majani imetoka wapi. Badala yake, mpe kila mnyama orodha ya vidonda, ambayo huanza ikiwa tupu. Kila kidonda kiandikiwe sehemu kilipo, kina chake, kasi ya damu kwa dakika, hali ya mfupa, kiasi cha uchafu ulioingia, kama mshale umebaki ndani, na wakati kilipotokea.

Sehemu 11 za mwili zinatosha: kichwa, shingo, uti wa mgongo, moyo, mapafu, ini, tumbo pamoja na utumbo, na miguu minne kila mmoja peke yake. Ukizidi hapo, kwa mfano ukianza kutenganisha goti na kwato, utaongeza kazi bila kuongeza chochote ambacho mchezaji ataweza kukigundua akiwa umbali wa mita 80.

Suala la mshale uliobaki ndani lisipuuzwe. Mshale huo huziba tundu kwa kiasi fulani, hivyo damu inayofika chini huwa kidogo, ilhali kila hatua anayopiga mnyama huuchezesha na kuendelea kukata nyama. Mchezaji anayeona matone machache anaweza kudhani kwamba amemkwaruza tu. Kidonda cha tanzi la waya nacho kiwe aina yake ya pekee: waya huzidi kukaza kadiri mnyama anavyovuta, kwa hiyo kidonda hicho kisianze kupona mpaka waya wenyewe utakapoondolewa.

Hatua ya pili: pima damu kwa mililita

Mamalia kama swala ana damu ya takriban mililita 70 kwa kila kilo ya uzito wake. Swala wetu wa kilo 55, basi, ana mililita 3,850. Weka mipaka mitatu. Akipoteza mpaka 15%, yaani kama mililita 577, mwili hujirekebisha na mwenendo wake haubadiliki sana. Akifika 30%, yaani mililita 1,155, moyo humwenda mbio, miguu hukosa nguvu, na hutafuta pa kulala. Akifika 40%, yaani mililita 1,540, huanguka.

Kisha ipe damu kasi inayopungua yenyewe kadiri inavyoganda. Njia rahisi ni kuiwekea kila kidonda muda wa kasi kupungua kwa nusu. Chukua kidonda cha msuli wa paja kinachoanza kwa mililita 40 kwa dakika, na kasi yake hupungua kwa nusu kila dakika 10 mnyama anapotulia. Jumla ya damu itakayotoka ni 40 mara 10 kugawanya kwa 0.693, yaani takriban mililita 577. Hiyo ni 15% tu ya damu yake, na swala huyu akiachwa atapona.

Sasa mfukuze. Mnyama anayekimbia, moyo wake husukuma damu kwa nguvu na misuli yake huvunja damu iliyokwisha kuganda. Ongeza kasi ya kuanzia iwe mililita 60 kwa dakika, na muda wa kupungua kwa nusu uwe dakika 20. Jumla inakuwa takriban mililita 1,731, na mpaka wa 40% unavukwa baada ya zaidi kidogo ya saa moja. Kidonda ni kilekile na mshale ni uleule, lakini mnyama mmoja anaishi na mwingine anaanguka, kwa sababu ya uamuzi wa mtu anayemfuata. Nakusihi utenge muda wa kusahihisha namba hizi mbili kabla ya kitu kingine chochote, kwa maana ndizo zinazobeba mchezo wako.

Kwa mapafu, usitegemee damu peke yake. Weka thamani ya pumzi inayoshuka haraka: mshale ukipita katika mapafu yote mawili, mnyama aanguke ndani ya dakika moja hivi baada ya kukimbia kwa nguvu zake zote, ukigusa pafu moja tu, aweze kwenda dakika kadhaa au zaidi. Hata aliyepigwa moyoni huweza kukimbia makumi ya mita kabla ya kuanguka, na wachezaji wengi hudhani wamekosa shabaha wanapoliona jambo hilo kwa mara ya kwanza.

Tumbo na utumbo ndio jeraha gumu kuliko yote. Damu ya nje ni kidogo sana, mililita 5 kwa dakika zinatosha, lakini uchafu uliomwagika ndani utamuua baada ya saa nyingi. Ukimwacha, hulala karibu. Ukimsukuma, huamka na kwenda mbali sana akiwa hadondoshi chochote cha kumfuatia. Wawindaji wenye uzoefu hushauri mtu asubiri saa 8 au zaidi kabla ya kumfuata mnyama wa namna hiyo. Kwa hiyo kidonda cha msuli kinamtaka mchezaji amsukume mnyama bila kumpa nafasi ya kutulia, na kidonda cha tumbo kinamtaka akae chini na kuvumilia. Asipojua kutofautisha hali hizi mbili atalala na njaa.

Ikiwa mchezo wako una mishale ya sumu, iendeshe kwa hesabu tofauti kabisa na ya damu. Sumu ambayo Wahadzabe hupaka kwenye mishale ya wanyama wakubwa hutokana na mimea kama Adenium, ile yenye shina nene na maua ya waridi, ambayo ina kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo. Mwindaji hamkimbilii mnyama mara moja. Humpa muda sumu ienee, kisha hufuata nyayo. Kwa hiyo kina cha kidonda kipunguziwe umuhimu, na uzito wa mnyama uongezewe.

Hatua ya tatu: mpe mwendo wa mgonjwa

Hapa ndipo michezo mingi hushindwa, kwa kuwa hupunguza kasi ya mnyama na kuacha miguu yake ikienda kama ya mzima. Kuchechemea kuna mpangilio wake, na mpangilio huo unaweza kuigwa kwa uhuishaji mchache tu.

Mtazame mnyama mwenye maumivu ya mguu wa mbele anapotembea polepole. Kichwa chake hupanda pale mguu mbovu unapokanyaga, kwa sababu anajaribu kuuondolea uzito, na hushuka pale mguu mzima unapoupokea mwili. Mguu mbovu hukaa ardhini kwa muda mfupi kuliko mwenzake, na hatua inayofuata huwa fupi. Maumivu yakiwa mguu wa nyuma, kichwa hakitakuonyesha mengi; tazama nyonga, ambayo kwa upande mbovu hupanda na kushuka zaidi ya ile ya upande mzima. Ukitumia Godot, tengeneza mwendo mzima na mwendo wa kuchechemea wa mguu mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, uugeuze kwa upande wa pili, kisha uichanganye kwa AnimationTree, kifaa chake cha kuchanganya uhuishaji, kulingana na thamani ya maumivu kati ya 0 na 1. Mfupa ukivunjika kabisa, uchanganyaji huo haufai: mguu unaning'inia, na mnyama hukimbia kwa mitatu, tena kwa kasi inayowashangaza watu wasiowahi kuona jambo hilo.

Miguu ya mbele hubeba zaidi ya nusu ya uzito na ndiyo inayoshika breki kwenye mteremko; ya nyuma husukuma mwili kwenye mwinuko na katika kuruka. Ziingize tofauti hizi kwenye gharama za njia. Mwenye mguu mbovu wa nyuma, kupanda mlima kumgharimu mara tatu ya kawaida, na uwezo wa kuruka uondolewe, jambo ambalo kwa swala pala ni hasara kubwa, maana akiwa mzima huweza kuruka kimo cha mita 3 na umbali wa mita 10. Mwenye mguu mbovu wa mbele, mteremko mkali umgharimu mara mbili. Baada ya hapo hutahitaji kumwandikia mnyama njia, kwa kuwa atachagua mwenyewe korongo au uwanda, na mchezaji mwerevu ataweza kukisia kwa kulitazama eneo.

Ongeza thamani moja zaidi, nayo ni msisimko. Wanyama wanaowindwa hujitahidi kutoonyesha udhaifu mbele ya anayewatishia, na katika dakika za kwanza mwili hufunika maumivu. Weka msisimko uwe 1 anapopigwa au anapomwona mwindaji, ushuke taratibu kwa dakika kadhaa, na uchechemeaji unaoonekana uwe ni maumivu ukitoa sehemu ya msisimko. Matokeo yake ni kwamba mchezaji aliyejificha vizuri ataona ukweli wa jeraha, na aliyesimama wazi atamwona mnyama anayejikaza.

Hatua ya nne: panga maamuzi yake

Hali tano zinatosha: kutimka, kusimama na kusikiliza, kujitenga, kulala, na kuinuka tena.

Kutimka kuwe kwa mstari ulionyooka kuelekea kwenye vichaka au kwenye kundi lake. Baada ya mita 100 au 200, ikiwa hakuna anayemfuata, asimame, ageuke, na kutazama alikotoka. Kujitenga hakuhitaji amri maalumu: kundi likienda kwa mwendo wake wa kawaida, mwenye jeraha atabaki nyuma mwenyewe. Kulala ndiko kunakotaka uangalifu. Mnyama achague kivuli chenye kizuizi mgongoni na mwonekano wa njia aliyopitia, na harufu ya anayemfuata iweze kumfikia. Akilala kwa muda mrefu misuli hukakamaa, kwa hiyo hatua zake za mwanzo akiinuka ziwe mbaya kuliko alizokuja nazo, kisha zilegee kidogo.

Kila anapoamshwa, umbali atakaokwenda kabla ya kulala tena upungue, isipokuwa kwa jeraha la tumbo, ambapo safari ya kwanza baada ya kuamshwa iwe ndefu kuliko zote.

Joto na uchovu viingie pia. Wawindaji wa Wasani katika Kalahari wamerekodiwa wakimfuata mnyama mchana wa jua kali kwa saa kadhaa mpaka akashindwa kusogea, bila hata kumjeruhi kwanza. Madaktari wa wanyamapori nao wanaufahamu ugonjwa wa misuli unaowapata swala waliokimbizwa mno wakati wa kukamatwa, ambao huweza kuwaua saa au siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo, uchovu ukivuka kiwango cha juu, ongeza kidonda kisichoonekana kwenye orodha ileile, chenye sehemu ya "misuli" na kasi ya damu ya sifuri. Anayemkimbiza mnyama ovyo na kumwacha awe amemdhuru kweli.

Hatua ya tano: acha ardhi iseme

Usimwekee mnyama mstari wa uhai juu ya kichwa. Taarifa zote za hatua zilizotangulia zifike kwa mchezaji kupitia nyayo, damu na tabia. Damu ya pafu iwe nyekundu ya kung'aa yenye mapovu. Ya ini iwe nyeusi na nzito. Ya tumbo ichanganyike na majimaji ya kijani au kahawia na vipande vya majani. Ya msuli iwe nyekundu ya kawaida, nyingi mwanzoni na kupungua upesi. Tone linaloanguka kutoka kwa mnyama anayekwenda hurusha vichirizi upande anaoelekea, na damu iliyopakwa kwenye nyasi huonyesha kimo cha jeraha. Ukiziweka alama hizi mbili, hutahitaji mshale wa kuelekeza njia kwenye skrini. Damu ikikauka iwe kahawia, na mvua iifute pamoja na nyayo.

Nyayo za anayechechemea ziwe na tofauti ya kina: mguu mzima uzame zaidi, mbovu uguse juujuu, na ule ulioning'inia uache mkwaruzo. Kwato za anayekimbia hutanuka, na za anayetembea hubana.

Hatua ya sita: tenganisha mikondo ya muda

Hili ni tatizo ambalo huonekana dogo mpaka siku ya kwanza ya majaribio. Michezo mingi huifanya siku nzima ipite haraka, tuseme kwa dakika 30, yaani muda huenda mara 48 kuliko wa kweli. Damu ikifuata muda huo, ile saa moja ya kumfukuza swala wa paja inakwisha kwa sekunde 80, wakati miguu yake inakimbia kwa kasi ya kweli na haijafika hata kilomita mbili. Ziruhusu kasi tatu tofauti. Miguu iende kwa muda wa kweli. Damu, pumzi na msisimko viende mara 6, ili ile saa moja iwe kama dakika 10 za kufuatilia. Kupona kufuate kalenda ya mchezo. Jeraha la tumbo lifuate kalenda pia, kwa kuwa mchezaji anatarajiwa kulala usingizi au kufanya kazi nyingine wakati anasubiri.

Mnyama akiwa mbali, zaidi ya mita 600 tuseme, ondoa modeli yake lakini usiifute kumbukumbu yake: mahali alipo, hali aliyonayo, orodha ya vidonda, na wakati wa mwisho kuhesabiwa. Uzuri wa hesabu ya kupungua kwa nusu ni kwamba haihitaji kuendeshwa kila fremu. Mchezaji anaporudi baada ya siku mbili, chukua tofauti ya muda, piga hesabu mara moja, na utajua kama mnyama amelala, amehama, au ni mzoga unaozungukwa na tumbusi. Fisi nao waruhusiwe kumtangulia mchezaji, kwa sababu harufu ya damu inawafikia wao kabla yake.

Hatua ya saba: mwache apone, lakini si kama alivyokuwa

Kidonda cha nyama hupitia vipindi vinavyojulikana: damu kuganda katika dakika na saa za mwanzo, uvimbe katika siku chache zinazofuata, nyama mpya kuota kwa wiki kadhaa, kisha kovu ambalo huendelea kukaza kwa miezi. Mfupa huhitaji wiki 6 au zaidi, na porini mara nyingi huunga ukiwa umepinda. Kwa siku ya dakika 30, wiki 6 ni saa 21 za kucheza, muda ambao wachezaji wengi hawatafikia katika eneo moja. Gawanya vipindi vyote kwa tatu, mfupa uchukue siku 14 za mchezo, na uwiano kati ya vipindi ubaki uleule.

Kasi ya kupona itegemee malisho, maji na utulivu. Mwenye jeraha la mguu akae karibu na maji na asogee kidogo kila siku, jambo linalompa mchezaji nafasi ya kumkuta tena, na chui nafasi hiyohiyo. Kiangazi kirefu kicheleweshe kupona. Uchafu ukiwa mwingi, kila siku pigia hesabu kama kidonda kimeoza. Kikioza, homa impunguzie mnyama hamu ya kula na umbali wa kukimbia, na inzi waonekane juu yake.

Akipona, acha mabaki: sehemu ya kumi ya uchechemeaji kwa mfupa uliounga vibaya, kovu kwenye ngozi ambalo litaishusha thamani yake akiwindwa baadaye, na woga. Ikiwa awali alimruhusu mtu afike mita 60 kabla ya kukimbia, sasa iwe mita 120.

Hatua ya nane: jaribu

Weka swala wanne wenye kidonda kimoja cha paja katika ramani tupu. Wa kwanza mwache, wa pili mfukuze bila kupumzika, wa tatu mfukuze kwa dakika 3 kisha umwache, wa nne ondoka kabisa eneo lake na urudi baada ya siku mbili za mchezo. Wa kwanza na wa nne wapate matokeo yanayolingana. Wasipolingana, hesabu yako ya mnyama asiyeonekana ina hitilafu, na aghalabu itakuwa kwamba kalenda na mkondo wa damu vimechanganywa. Rudia kwa jeraha la tumbo. Kisha hifadhi mchezo wakati mmoja wao yuko katikati ya kutimka, funga programu, ifungue tena, na uangalie kama msisimko wake umerudi sifuri. Thamani hiyo husahaulika kwenye faili la kuhifadhia kuliko nyingine yoyote, na mchezaji atagundua kwamba kufunga na kufungua mchezo kunamfanya mnyama aonyeshe jeraha lake mara moja.